Mila za Ofisi Yetu
Hotuba kwa maafisa wa ustawi wa jamii wanaoanza kazi na waomba hifadhi, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, wakufunzi wenzangu, maafisa mnaoelekea kwenye kambi na makazi ya wakimbizi ya Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, na ninyi mtakaobaki kuhudumia watu wa Eastleigh, Kayole na Kitengela: hamjambo.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Kuelewa Tamaduni za Wakimbizi". Niliipokea kwa heshima, na sasa naomba ruhusa ya kuigeuza. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Walio wengi ni Wasomali na Wasudani Kusini. Wanafuata Wakongomani, Waethiopia, Warundi, Wasudani, Waganda, Waeritrea na Wanyarwanda. Tukitenga nusu saa kwa kila kabila lililomo Kakuma peke yake, mwezi utaandama tukiwa bado kwenye viti hivi. Na hata tukimaliza, mtatoka na daftari lenye sentensi kama "Wasomali hawapendi hiki" na "Wakongomani wanapenda kile". Daftari la namna hiyo ni hatari kuliko kutojua, kwa sababu asiyejua huuliza.

Nitoe mfano mmoja wa daftari lililofeli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya Wabantu wa Somalia walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma wakisubiri kupelekwa Marekani. Kwenye karatasi walikuwa Wasomali, basi. Nyumbani kwao, baadhi walizungumza Kizigua, lugha ya Handeni, Tanzania, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huko katika karne ya 19 na kufikishwa bonde la mto Juba. Wengine walizungumza Kimaay, ambacho Msomali wa Hargeisa hakielewi vizuri. Vita vilipozuka mwaka 1991, wanamgambo wa koo zenye nguvu waliwapora chakula na mashamba. Sasa mkalishe mama wa Kizigua mbele ya mkalimani wa Kisomali anayetoka kwenye ukoo mmojawapo wa hizo, umwambie aeleze yaliyompata. Daftari litakuambia kila kitu kuhusu salamu za Kisomali na halitakuambia kwa nini huyu mama hasemi.

Kwa hiyo nitazungumza juu ya utamaduni mmoja tu, ambao nina hakika mtakutana nao kila siku, kambini na mjini. Ni utamaduni wa ofisi yetu.

Ofisi yetu ina imani zake. Inaamini kwamba kila mtu ana tarehe moja ya kuzaliwa na anaijua. Inaamini kwamba familia ni baba, mama na watoto, na kwamba jina la mwisho la mtu ni la ukoo. Inaamini kwamba kisa huanza mwanzo kikaenda mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Inaamini kwamba msema kweli hutazama usoni, na kwamba mambo ya aibu kubwa kabisa yanaweza kuelezwa kwa mtu usiyemjua ndani ya dakika 20 za kwanza, mlango ukiwa wazi na watu wakipita na vikombe vya chai. Hizo ni mila. Tulizikuta chuoni, tukazivaa pamoja na beji, na siku hizi hatuzioni. Mwomba hifadhi huziona mara tu anapoketi.

Tuanze na majina, kwa sababu ndiyo mstari wa kwanza wa fomu. Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kufika mezani kwako na majina manne yasiyofanana hata kidogo. Msomali ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Mke habadili jina akiolewa, kwa hiyo mume na mke hawana jina hata moja la pamoja. Kwenye kisanduku cha jina la ukoo tunaandika jina la babu, kisha miezi sita baadaye afisa mwingine anauliza kwa ukali kwa nini "familia" hii haishiriki jina. Swali hilo limezaliwa na kisanduku. Familia haikufanya lolote.

Tarehe nazo. Faili za wakimbizi zimejaa watu waliozaliwa Januari mosi. Mtu hajui siku yake, anajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa ukame fulani. Karani anakadiria mwaka na kujaza 1/1, kazi inaendelea. Baadaye mama na watoto wake watatu wote wanaonekana wamezaliwa Januari mosi, na yupo atakayeliona hilo kuwa dalili ya udanganyifu.

Mwethiopia anajua tarehe zake vizuri sana, ila kalenda yake ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane. Akisema alikamatwa mwaka 2008, huenda ni 2015 au 2016 kwa hesabu ya ukutani kwako. Na saa yake huanza kuhesabiwa jua likichomoza, kama ya kwetu. Hapa mimi hucheka, samahani. Bibi yako kule Kwale na mwomba hifadhi kutoka Addis Ababa wanasoma saa kwa namna moja: saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi kwa wote wawili. Wewe mwenyewe nyumbani unasema hivyo hivyo. Lakini mahojiano yanafanywa kwa Kiingereza, mkalimani anatamka "two", na kalamu yako inaandika 2:00 usiku. Halafu unamhoji mtu: polisi walivunjaje mlango wako usiku wa manane huku unasema watoto walikuwa wanaelekea shuleni?

Haya ya majina na tarehe ni mepesi, ukishayajua umeyajua. Sasa yale mazito.

Mjane wa Kinuer kutoka Sudan Kusini ameketi mbele yako, amepakata mtoto wa miaka mitatu. Unauliza baba wa mtoto yuko wapi. Anajibu kwamba alikufa. Lini? Anataja mapigano ya Desemba 2013. Unahesabu kidogo, unamtazama mtoto, unahesabu tena. Haiwezekani. Maafisa wengi hapo huandika pembeni kwamba maelezo hayaaminiki. Wengine, wapole zaidi, huandika kwamba huenda mama alibakwa na anaona haya kusema, wakamwelekeza kwa mshauri nasaha. Kumbe mama amejibu swali lako kwa ukweli kamili. Kwa Wanuer na Wadinka, ng'ombe za mahari zikishatolewa, kufa kwa mume hakuvunji ndoa. Ndugu wa marehemu anaweza kukaa na mjane, na watoto watakaozaliwa ni wa yule aliyekufa. Wanabeba jina lake na wanahesabiwa katika ukoo wake. Umeuliza baba ni nani, umeambiwa baba ni nani. Wewe ulikuwa na swali lingine kichwani, la nani aliyemtia mama mimba, na hilo hukuliuliza.

Angalieni pia kwamba aliyemfikiria kuwa alibakwa alikosea sawa na aliyemfikiria kuwa mwongo. Huruma nayo ina mazoea yake. Dawa ya wote wawili ilikuwa swali moja jepesi: "Nisaidie nielewe, mama. Huyu mtoto alizaliwaje katika familia yenu?"

Kutoelewana juu ya familia kumewahi kugharimu maelfu ya watu. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kupima vinasaba hapa Nairobi, kwa waliotaka kuungana na ndugu zao waliokwisha kuhamia huko. Walianza na watu wapatao 500, wengi Wasomali na Waethiopia, kisha wakapanua hadi nchi nyingine kadhaa za Afrika na kufikia kama watu 3,000. Kesi ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa zilikuwa chini ya asilimia 20. Nyingine zilionyesha angalau mtu mmoja asiye wa damu, au wenyewe walikataa kupimwa. Mpango ule wa kuunganisha familia ulisimamishwa mwaka huo huo na haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012.

Sisemi kwamba wote wale walikuwa wakweli. Udanganyifu ulikuwepo. Nafasi ziliuzwa kambini, na anayewafundisha kwamba mkimbizi hasemi uongo anawapoteza. Mkimbizi ni mtu kama sisi, na mtu aliyebanwa ukutani hutafuta upenyo. Lakini ndani ya ile kapu la "wasio wa damu" walikuwemo pia watoto wa marehemu dada waliolelewa na mama mdogo tangu wakiwa wachanga, na vijana ambao baba mkubwa ndiye baba pekee waliyepata kumwita baba. Maabara haiwezi kutofautisha mtoto wa kununuliwa nafasi na mtoto wa dada aliyeuawa. Ni afisa wa ustawi wa jamii anayeweza, kama mapema, kabla mambo hayajafika maabara, aliuliza nani alimlea nani na kuandika jibu kwa maneno ya mhusika mwenyewe. Sisi wa huku tulipaswa kulielewa hilo bila semina. Nani humu ndani hana "mama" wawili au watatu? Lakini tukishika fomu tunakuwa wageni wa jamii zetu wenyewe.

Kuhusu kutazama usoni nitasema kifupi. Wengi wenu mlilelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na aliyemkodolea mzee macho alikiona cha moto. Basi msiandike "anakwepa macho" kana kwamba ni ushahidi. Na kisa kisichofuata mpangilio, kinachorukaruka, kinachosahau kilichokuwa kabla ya kipi, hicho mara nyingi ndicho kisa cha mtu aliyepatwa na jambo la kutisha. Mwongozo wa mwaka 1979 wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unakiri kwamba mwomba hifadhi mara nyingi hawezi kuthibitisha kila analosema, na unataka shaka iliyobaki iwe upande wake. Hiyo ni kazi ya wanaoamua hadhi ya ukimbizi. Wewe huamui. Ila kumbuka kwamba yeye hajui hivyo: kwake kila mwenye beji na kalamu ni mamlaka, na anachokuambia leo juu ya maziwa ya mtoto anakipima kana kwamba ndiyo hukumu. Mwambie waziwazi wewe ni nani, unaandika nini, nani atasoma. Sema mara ya pili wiki ijayo, kwa sababu mara ya kwanza hakukusikia.

Nije kwa mkalimani. Afisa akipewa mkalimani anayezungumza lugha inayotakiwa, huona shida imekwisha. Mimi nasema ndipo inapoanza. Mkalimani wa Kakuma kwa kawaida ni mkimbizi mwenyewe, mfanyakazi wa insentivu, anayelipwa posho ndogo kuliko mshahara wa Mkenya anayefanya kazi pembeni yake. Anaishi bloku ile ile na mtu anayemtafsiria. Wanachota maji kwenye bomba moja. Akitafsiri leo kisa cha ubakaji, jioni atakutana na mume wa mwanamke yule sokoni. Mweke Mdinka amtafsirie Mnuer kwa Kiarabu cha Juba, au Mbembe amtafsirie Mnyamulenge kwa Kiswahili, na hata wakiwa waungwana kiasi gani, vita vya nyumbani vimeketi nao chumbani. Maswali ya kumuuliza mwomba hifadhi kabla hata hujafungua faili ni haya: unamfahamu huyu? Ungependa mkalimani mwingine? Mwanamke au mwanamume? Ungependa tutumie simu, na mtu wa mbali asiyekujua? Waulize wakiwa faraghani, kwa sababu mbele ya mkalimani wote watajibu kwamba hakuna shida.

Na umtunze mkalimani. Yeye hutamka "mimi" anapotafsiri: mimi nilifungwa, mimi nilimwona mwanangu akiuawa. Anasema hivyo mara nne au tano kwa siku, na mara nyingine kisa ni chake pia. Tunaandaa vikao vya kuwapunguzia maafisa mzigo wa moyo, na mkalimani tunamwambia asaini rejesta aende.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nawaona baadhi yenu mmeanza kutikisa vichwa kwa kuridhika mno. Mtu anaweza kuyachukua haya yote na kuyageuza kuwa kisingizio: ni utamaduni wao, tusiingilie. La hasha. Kaskazini mashariki mwa nchi hii na katika kambi za Dadaab mtasikia habari za maslaha. Binti amenajisiwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, mifugo au fedha zinatolewa, amani inarudi kati ya koo. Wazee wale si watu wabaya. Wanazuia damu isimwagike, na mara nyingi wameweza kuizuia pale ambapo serikali haikuwepo. Lakini binti hakuwa kwenye kikao. Kuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kuna sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, na zote zinamlinda mtoto mkimbizi kama zinavyomlinda wa kwetu. Anayekuambia "huu ndio utamaduni wetu" mara nyingi ni mwenye sauti katika utamaduni huo. Muulize na asiye na sauti. Mtashangaa ni mara ngapi binti, mama yake na shangazi yake wana maoni mengine kuhusu huo utamaduni, na hawakujifunza maoni hayo kwa shirika lolote.

Nenda kwa wazee, wasalimu kwa heshima, kunywa chai yao, eleza sheria inakubana vipi. Kisha mpeleke binti hospitalini. Mambo hayo mawili yanawezekana siku moja.

Na kuna mtihani mwingine ambao ni wetu kabisa. Tangu Uganda ilipoanza kutumia sheria kali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja mwaka 2014, na tena baada ya ile ya 2023, wapo Waganda waliovuka mpaka wa Busia na Malaba kuomba hifadhi kwetu. Hapa hakuna utamaduni wa kigeni wa kujifunza. Wengi wao ni Wabantu wenzetu, wamesoma shule kama zetu, wanaimba nyimbo zile zile za kanisani. Kinacholeta ugumu ni kile tulichoamini sisi tangu utotoni. Siwaombi mbadili imani zenu, na si kazi ya mwajiri kuzibadili. Nawaomba mjue mapema, kabla mtu hajaketi, nyuso zenu hufanya nini mnaposikia jambo msilolikubali. Kama huwezi kumhudumia mtu bila kumhubiria, mwambie msimamizi wako leo, umpishe mwenzako anayeweza. Hilo halitakushushia heshima hata kidogo.

Mtauliza: mafunzo ya namna hii yafanywe vipi? Mbinu ninayoiamini kuliko zote ilitengenezwa Ufaransa na mwanasaikolojia Margalit Cohen-Emerique kwa ajili ya wafanyakazi wa jamii wanaohudumia wahamiaji. Hataki mleta mada aje na slaidi za makabila. Anataka kila mfanyakazi alete tukio lililomkera, lililomshtua au lililomchekesha kazini. Kisha kikundi hakianzi na swali "kwa nini mkimbizi alifanya hivyo". Kinaanza na "kwa nini wewe ulikereka". Ni kitu gani chako kiliguswa: adabu, dini, usafi, namna ulivyofundishwa kulea mtoto? Hapo ndipo kuna jasho. Hatua ya pili ni kuuliza mwenzako anaona nini kutoka alipo yeye, na ya tatu ni kujadiliana hadi mpate njia ambayo hakuna aliyeifikiria peke yake. Watu hupenda kurukia ya tatu. Msirukie. Afisa asiyejua kilichomkera atakibeba hadi kwenye meza ya majadiliano na kukiita kanuni ya ofisi.

Mambo ya mwisho ni ya kiutawala, na nayasema kwa sababu wasimamizi wako hapa mstari wa mbele.

Mafunzo ya siku mbili hotelini, samosa, picha ya pamoja na cheti, hayatabadilisha lolote ikiwa Jumatatu afisa anarudi kwenye foleni ya watu 40 wanaotakiwa kumalizwa kabla ya saa kumi. Hakuna unyenyekevu wa kitamaduni unaofanyika kwa dakika saba. Kama hamwezi kuongeza maafisa, punguzeni maswali ya fomu. Yapo yanayoulizwa mara tatu na watu watatu, na jibu halijawahi kutumiwa na yeyote.

Pili, mtu wa kwanza anayekutana na mwomba hifadhi ni mlinzi wa getini. Yeye ndiye anayeamua nani apite, nani asubiri juani, nani apigiwe kelele. Huko Kakuma huenda ni kijana wa Kiturkana ambaye familia yake nayo ina njaa, na kila siku anaona malori ya chakula yakipita kwenda kwa wengine. Naye ana la kusema kuhusu kukutana kwa tamaduni, na sijawahi kuona jina lake kwenye orodha ya washiriki.

Tatu, wakalimani. Kuanzia kesho tunajadili matukio halisi kwa mbinu hiyo ya Cohen-Emerique, na siwezi kuifanya bila wao. Naomba waandalizi wawaongeze kwenye vikundi, mmoja kwa kila meza, pamoja na walinzi wawili au watatu. Na posho ya kikao iwe ile ile mnayowalipa maafisa, isiwe ya insentivu. Mhasibu ananiangalia; tutaongea wakati wa chai.